Anga la Desemba 2026 kutoka Nairobi: maswali ninayoulizwa kila mara

Novemba ikianza kuisha maswali huwa yanamiminika, majirani wa fleti, mabinamu, hadi soja wa geti yetu ambaye kwa kweli hukaa macho usiku kunishinda na pengine ameona vimondo vingi kuliko mimi. Kujibu mmoja mmoja nimechoka kwa hivyo nimeweka yote hapa. Saa nimeandika za Kiswahili, mahali ni Nairobi, lakini ukienda ushago popote Kenya hii karibu kila kitu kitabaki vile vile, kitakachobadilika ni giza tu.

Kwani Nairobi kuna nyota? Mimi huona tu taa.

Ziko. Nyingi zimemezwa na taa, hapo siwezi kubisha, ukisimama Tom Mboya saa tatu usiku utaona mwezi na nyota mbili tatu na umebahatika. Lakini panda juu ya fleti yenu, kule kwa kamba za nguo, jifiche nyuma ya tangi la maji ndio taa ya jirani isikupige machoni, alafu kaa dakika ishirini bila kushika simu. Hiyo ya simu ndio ngumu. Macho huzoea giza polepole na ukiangalia skrini mara moja tu, ati unaangalia saa, unaanza upya.

Mimi nikikaa hivyo huhesabu nyota kama arobaini, hamsini usiku ukiwa msafi. Si nyingi, lakini zinazobaki ni zile kubwa zenyewe, na kwa mtu anayeanza hiyo ni afadhali, juu mahali penye giza totoro nyota huwa nyingi hadi hujui uanzie wapi.

Kuna Desemba moja stima zilipotea mtaa mzima, watu wakapanda juu kutafuta netiwaki na kulalamika kama kawaida. Nikakuta mtoto wa jirani, wa darasa la pili hivi, amelala chali kwa simiti baridi anaangalia juu. Akaniuliza, "Anko, hizi zote zimetoka wapi leo?" Nikamwambia huwa ziko kila siku. Akaniangalia vile watoto hukuangalia wakijua unadanganya.

Desemba ina nini ambayo miezi mingine haina?

Mvua za vuli zinakuwa zinaisha. Hazijaisha kabisa, kuna jioni utatoka na wingu limefunga, lakini linganisha na Julai hapa Nairobi ambapo unaeza maliza wiki mbili hujaona hata mwezi. Pili, nyingi za zile nyota zinazong'aa zaidi angani zinachomoza jioni upande wa mashariki, moja baada ya nyingine, wakati watu bado wako macho. Tatu ni vimondo vya Geminidi, vimondo bora vya mwaka mzima kwa maoni yangu, na mwaka huu mwezi hautavisumbua. Nne, na hii huwa haiandikwi kwa vitabu vya nyota, Desemba ndio mwezi Nairobi inahama. Watu wanaenda ushago na ushago kuna giza, ila mtu anafika huko anakaa ndani na TV.

Nianzie wapi? Sijui nyota hata moja.

Anza na Jabari, Wazungu wanamwita Orion. Tokeni nje kama saa tatu usiku katikati ya mwezi, angalia mashariki kabisa, kule jua huchomoza. Tafuta nyota tatu zilizopangana kwa mstari mfupi ulionyooka, zimekaribiana, zinalingana mwangaza. Huo ni mshipi wa Jabari na ukishauona mara moja hutawahi kuukosa tena maisha yako yote.

Kushoto kwa mshipi kuna nyota yenye wekundu wa makaa, hiyo ni Betelgeuse. Kulia, juu kidogo, kuna nyeupe yenye kaubuluu, hiyo ni Rigel. Sasa mshipi wenyewe ni kama mshale wenye ncha mbili. Fuata mstari ukishuka kulia, utagonga Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Rudi ufuate mstari ukipanda kushoto, utagonga nyota ya rangi ya chungwa inaitwa Aldebaran, na ukiendelea mbele kidogo utafika kwa kifungu kidogo cha nyota kama tone la maziwa limemwagika, hicho ni Kilimia. Yaani kwa mshipi mmoja umepata vitu vitano, na hujatumia programu yoyote.

Kitu ambacho mtu wa London hawezi kupata: mshipi wa Jabari uko karibu kabisa na ikweta ya anga, ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, na Nairobi tuko nyuzi moja na robo hivi kusini mwa ikweta ya dunia. Kwa hivyo unachomoza mashariki kamili, unapanda wima, na ikifika karibu saa sita na nusu usiku katikati ya Desemba uko utosini, juu ya kichwa chako hasa. Alafu unashuka magharibi kamili. Ukipotea usiku shambani na uone mshipi unachomoza au unazama, tayari una dira.

Kuna kitu kinametameta rangi rangi, nyekundu, buluu, kijani, upande wa kusini mashariki. Ni droni?

Ni Sirius. Hili swali napata kila mwaka na kila mwaka kuna mtu hakubali jibu. Ikiwa chini karibu na mapaa ya nyumba, mwanga wake unapita kwa hewa nyingi ya huku chini, na hewa hiyo inaucheza cheza hadi unaachana rangi. Ngoja ipande, ikifika saa tano hivi itatulia, ibaki nyeupe.

Iko umbali wa miaka ya nuru 8.6. Maana yake mwanga utakaokugonga jicho Desemba hii ulitoka kule karibu katikati ya 2018, handshake ya Uhuru na Raila ikiwa bado ni habari moto. Na hiyo ni nyota ya jirani.

Ukishaiona Sirius angalia kulia kwake, chini zaidi kuelekea kusini, kuna nyingine nyeupe imetulia peke yake. Hiyo ni Canopus, mabaharia wa Pwani na Waarabu waliijua kama Suheli, ya pili kwa kung'aa angani usiku. Kwa macho inashindwa na Sirius lakini iko umbali wa miaka ya nuru kama 310, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe ni taa ya aina gani.

Kilimia ni nini hasa, na jina limetoka wapi?

Ni kundi la nyota changa zilizozaliwa pamoja, ziko umbali wa miaka ya nuru kama 440. Kwa macho wengi huhesabu sita, mwenye macho makali saba au zaidi, ukitumia darubini ya mkono unapata makumi na hapo ndio watu hushtuka wakasema "waa."

Jina limetoka kwa kulima. Wakulima wa Pwani walikuwa wakiangalia kinapozama na kinapozuka ndio wajue mvua imekaa aje, na kuna msemo wa zamani kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukikaa chini ufikirie utaona ni kalenda nzima imefungwa kwa sentensi moja. Ukiwa ushago waulize wazee wanakiitaje kwa lugha yenu, makabila mengi hapa kwetu yana jina lake, na mara nyingi huyo mzee hajawahi kuulizwa na mtu yeyote kwa hivyo jitayarishe kukaa.

Hivyo vimondo vya Geminidi, ni tarehe ngapi na saa ngapi?

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, na wa 14 kuamkia 15. Kama unaeza moja tu chukua wowote, zote mbili ni nzuri, 13 ni Jumapili na 14 ni Jumatatu kwa hivyo wenye kazi mnajua wenyewe. Vimondo vichache huonekana siku kadhaa kabla na baada pia.

Vinaitwa hivyo kwa sababu ukifuata njia zao kurudi nyuma vyote vinaonekana kutoka upande wa Gemini, kundi la Mapacha. Mapacha huchomoza kaskazini mashariki kama saa mbili na nusu usiku na hufika juu kabisa karibu saa nane na nusu usiku wa manane. Mwezi utakuwa mchanga wa siku tano hivi na utazama kabla ya saa tano usiku. Kwa hivyo kuanzia saa tano hadi saa kumi alfajiri giza ni lako.

Kinachosababisha ni vumbi na vijiwe vilivyoachwa na kitu kinaitwa Phaethon, kiligunduliwa 1983. Mvua nyingi za vimondo hutoka kwa nyotamkia, lakini Phaethon inafanana zaidi na asteroidi, jiwe tu, na wanasayansi bado wanakuna vichwa. Dunia inapita kwa hilo vumbi kila Desemba, vijiwe vinaingia hewani kwa kasi ya kilomita 35 hivi kwa sekunde na kuwaka. Hiyo kasi kwa vimondo ni ya pole, ndio maana vya Geminidi unaviona vizuri, kinateleza, unapata nafasi ya kusema "kile!" na mwenzako akageuka akakiona pia.

Ni vingapi? Utasoma mahali vimondo 120 au zaidi kwa saa. Hiyo ni hesabu ya anga safi kabisa, Mapacha wakiwa utosini, na hapa kwetu hawafiki utosini. Mahali penye giza tarajia kimoja kila dakika moja au mbili ikifika usiku wa manane. Juu ya fleti Nairobi, labda kumi kwa saa, vile vikubwa tu.

Mwaka mmoja tulikuwa ushago upande wa Kinangop, baridi ile ya kuuma meno, nikawatoa watoto wa dada yangu nje na mablanketi. Ili wasibishane nani ameona vingapi nikawapa kikombe cha bati na mahindi makavu, kila kimondo punje moja ndani. Basi kimya, alafu unasikia "ti". Kimya. "Ti". Mara "ti ti" na mtu analalamika hicho ulikiona wewe peke yako. Wakalala punje zikiwa 43. Cucu, yaani nyanya, alikuwa amesimama mlangoni na leso kichwani akituambia tutapata nimonia, lakini niliona hakurudi ndani, na asubuhi kulikuwa na punje 46.

Nahitaji kuangalia upande gani?

Popote penye giza zaidi. Usikazie macho Mapacha wenyewe, vile virefu vinapita mbali nao. Lala chali kwa mkeka, funika miguu, basi.

Sayari gani ziko?

Nne nzuri, ila hazitokei wakati mmoja.

Jioni ni zamu ya Zohali, Saturn kwa wale waliosoma kwa Kizungu. Giza likishaingia, kama saa mbili kasoro, angalia juu kabisa karibu na utosi, iko imetulia, ya manjano hafifu, haimetameti. Kwa macho ni nukta tu. Pete zake zinahitaji darubini ya kusimamisha, na mwaka huu ni nyembamba, juu Machi 2025 zilikuwa zimetugeukia upande wa ukingo hadi zikapotea machoni, sasa ndio zinafunguka tena polepole. Jioni ya 17 mwezi utakuwa karibu nayo, hiyo ndio siku rahisi ya kuijua.

Usiku ukiwa mkubwa inaingia Mshtarii, yaani Jupiter. Katikati ya mwezi inachomoza mashariki karibu saa tano usiku, mwisho wa mwezi mapema zaidi, inang'aa kuliko nyota yoyote. Iko kwa kundi la Simba. Nyuma yake, chini ya saa moja baadaye, inafuata Mirihi, Mars, ya wekundu wa kutu, na kila wiki inaongeza mwangaza kwa sababu Februari 2027 ndio itakuwa karibu nasi. Usiku wa 27 kuamkia 28 mwezi utapita jirani na Mshtarii. Ukiwa na darubini ya mkono, egemea ukuta mkono usitetemeke, uangalie Mshtarii pembeni utaona vinukta vidogo vidogo vimejipanga kwa mstari, hiyo ni miezi yake mikubwa, ile ile Galileo aliona 1610. Rudi usiku unaofuata, zimebadilisha nafasi.

Alfajiri ni Zuhura, yaani Venus. Hii hata hupigi hesabu, kuanzia saa kumi alfajiri angalia mashariki, kile kitaa kikubwa cheupe ambacho watu wa matatu za kwanza hudhani ni ndege inashuka JKIA.

Na Msalaba wa Kusini?

Desemba ni wa alfajiri. Ukiamka saa kumi na moja kuona Zuhura, geuka kulia uangalie kusini mashariki, utauona umelala kwa ubavu, mdogo kuliko vile watu hufikiria. Chini yake zinapanda nyota mbili kali, ile ya chini zaidi ndiyo Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio karibu nasi kuliko zote ukiacha jua, miaka ya nuru 4.4 hivi.

Mwezi utakuwaje?

Mwezi mwandamo ni tarehe 9, saa kumi kasoro alfajiri, kwa hivyo wiki ya kuzunguka hapo ndio ya giza. Robo ya kwanza 17, mwezi mpevu 24, robo ya mwisho 30.

Jioni ya 10 ukiwa na bahati, na 11 kwa uhakika, angalia magharibi jua likishatua. Hilali yetu hukaa kama mashua, pembe zote mbili juu. Kwenye vitabu vya watoto vinavyotoka Ulaya imechorwa imesimama kama herufi C, na nilikuwa nikidhani nikiwa mdogo kuwa mchoraji alikosea. Hakukosea, ni huko kwao tu iko hivyo. Hapa karibu na ikweta mwezi unashuka wima kulifuata jua kwa hivyo upande uliomulikwa uko chini.

Ni kweli kuna supermuni ya Krismasi?

Kweli. Mwezi unajaa tarehe 24 saa kumi na nusu alfajiri na siku hiyo hiyo uko karibu na dunia kuliko mwezi mpevu mwingine wowote wa 2026, umbali kama kilomita 357,000. Wastani huwa 384,000.

Lakini nisikudanganye, kwa macho tofauti ni ndogo. Ukiona picha ya mwezi mkubwa kama jumba la KICC ujue mpiga picha alisimama mbali sana na jumba na lenzi ndefu. Uzuri wake wa kweli utauona jioni ya 24 ukichomoza mashariki, na pia wale wa kesha kanisani, mkitoka saa sita usiku utakuwa juu sana angani na barabara ya murram itakuwa nyeupe, hata tochi hamtahitaji. Ubaya ni kwamba kuanzia 20 hadi 27 hivi nyota hafifu sahau.

Sitaenda ushago mwaka huu. Wapi karibu na Nairobi kuna giza?

Barabara ya Magadi. Ukishapita Kiserian na kuteremka kuingia Bonde la Ufa, zile taa za Nairobi zinabaki nyuma ya vilima vya Ngong, na Olorgesailie, kama kilomita 70 kutoka mjini, kuna eneo la makumbusho lenye nafasi ya kupiga hema na bandas. Ni joto, kavu, na wingu huwa kidogo kuliko mjini. Piga simu mapema, beba maji yako.

Lukenya na upande wa Machakos ni nafuu pia lakini mwanga wa Mombasa Road unafuata hadi huko. Karura usijaribu, hufungwa jioni.

Alafu ya usalama: usisimamishe gari kando ya barabara ukazima taa ukalala kwa boneti, hata kama umeona mtu akifanya hivyo kwa video. Lori halitakuona. Nenda mahali palipolipiwa, muwe watu kadhaa, soja ajue mko na mnafanya nini. Mimi nilishawahi kuzuiliwa dakika arobaini na walinzi wa mahali fulani wakishangaa mtu mzima amelala kwa nyasi saa saba usiku na darubini, na nikiwa mkweli ningekuwa wao ningenizuia pia.

Nikifika ushago nitaona nini zaidi?

Mawingu ya Magellan, hii ndio zawadi ya sisi wa huku. Kama saa tano au sita usiku angalia kusini, chini, kuna madoa mawili ya ukungu ambayo hayasogei kama wingu. Hizo ni galaksi mbili ndogo jirani na yetu, kubwa yao iko umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Watu wengi wa Ulaya huzeeka hawajaziona.

Kaskazini jioni mapema kuna Andromeda, doa refu hafifu, miaka ya nuru milioni 2.5, kitu cha mbali zaidi wengi wetu tutakiona kwa macho matupu. Angalia pembeni yake kidogo, si moja kwa moja, pembe ya jicho huona gizani vizuri zaidi.

Njia ya Maziwa pia iko, inapita karibu na Jabari, ila ni ile sehemu yake nyepesi. Zile picha kali za Mara zenye wingu la nyota linalowaka ni za katikati ya mwaka, Juni hadi Agosti. Desemba jua lenyewe ndio liko upande huo.

Nyota ya Kaskazini iko wapi?

Haipo. Yaani ipo lakini kutoka Nairobi iko chini ya upeo wa macho. Ukienda hadi Nanyuki kwa ile bango ya ikweta ambapo wanakuchezea na maji na jagi, itakuwa kwa upeo wenyewe, imefichwa na hewa na vilima. Lakini hakuna hasara, juu ya kukaa katikati ya dunia tunaona karibu makundi yote 88 ya nyota mwaka ukizunguka.

Ninunue darubini gani?

Usinunue ile ya dukani yenye kisanduku kimeandikwa inakuza mara 525. Nimeona tatu kwa nyumba za marafiki na zote zimekuwa stendi ya nguo. Miguu yake inatetemeka hadi mwezi unacheza dansi. Chukua darubini ya mkono iliyoandikwa 7x50 au 10x50, hata mitumba ikiwa lenzi hazina kuvu. Kwa hiyo utaona mashimo ya mwezi, miezi ya Mshtarii, Kilimia, na lile doa la ukungu kwenye upanga wa Jabari, kando ya mshipi, ambalo ni wingu la gesi mahali nyota zinazaliwa saa hii tunapoongea.

Na picha na simu?

Washa modi ya usiku, egemeza simu kwa tofali au kreti ya soda, weka taima ya sekunde tatu ndio kidole chako kisiitikise. Jabari atatoka. Vimondo ni bahati, usiharibu usiku mzima kwa hiyo.

Nimeona taa nyingi zimefuatana kama treni. Na ile pete ya chuma ya Makueni ilikuwa nini?

Treni ni satelaiti za Starlink zikiwa zimerushwa karibuni, bado hazijatawanyika. Taa moja kubwa inayopita pole bila kumetameta kwa dakika nne tano, kisha inafifia ghafla, mara nyingi ni kituo cha anga za juu cha ISS, kiko juu kilomita 400 hivi na ndani kuna watu.

Ya Makueni ilianguka tarehe 30 Desemba 2024 kijiji cha Mukuku, pete ya chuma ya upana wa mita 2.5 na uzito kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Lakini kimondo cha Geminidi hakiwezi kukuangukia hivyo, ni chembe ndogo zinazoungua zote juu sana.

Ni kweli kuna satelaiti ilirushwa Kenya siku ya Jamhuri?

Hii napenda sana kuulizwa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Wataliano pamoja na NASA walirusha satelaiti ya kwanza kabisa duniani ya kuchunguza tu miale ya eksirei kutoka angani. Kwa sababu ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wakaiita Uhuru. Kwa Kiswahili hivyo hivyo. Ilikusanya orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo na kusaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kuna uwezekano mkubwa ni shimo jeusi. Aliyeongoza sayansi yake, Riccardo Giacconi, alipata Nobel 2002. Ukifungua kitabu chochote cha historia ya elimu ya nyota utakutana na neno letu pale, na siku za Jamhuri sijawahi kusikia ikitajwa kwa hotuba hata moja.

Kutakuwa na kupatwa kwa jua au mwezi?

Desemba hakuna. Weka alama 2 Agosti 2027, jua litapatwa na Kenya tutaona sehemu tu. Miwani ya kupatwa tafuta mapema, si filamu ya eksirei, si CD.

Na wingu likifunga usiku wa 13?

Usilale na hasira. Nairobi wingu la jioni mara nyingi hupasuka usiku wa manane, kwa hivyo weka alamu ya saa nane, chungulia dirishani, kama huoni kitu rudi kulala ujaribu usiku wa 14. Na ukiwa juu ya fleti, uliza kiateka funguo ya mlango wa juu mchana, si saa nane usiku. Hiyo ya kumgongea usiku niliifanya mara moja tu.